Ndoa ya serikali Kigoma: cheti nimepata, hasira haijaisha

Nimekaa na hili tangu masika. Mume wangu ananiambia niliache, ndoa tumeshafunga. Lakini kila nikifungua kabati nikaona kile cheti, namkumbuka kijana wa dirishani kwenye ofisi ya msajili wa ndoa na moyo unaanza kwenda mbio.

Mimi ni Mwislamu wa Ujiji, mwenzangu ni Mkatoliki wa Tabora. Hakuna aliyetaka mwenzake abadili dini, tukachagua ndoa ya serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu waziwazi: mnapeleka taarifa ya kusudio la kuoana siku 21 kabla, inatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mnafunga mbele ya msajili na mashahidi wawili. Nilijiandaa. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, picha za pasipoti, barua ya mtendaji yenye muhuri, vyote kwenye bahasha ya kaki.

Nilikwenda na baba. Baba amevua samaki Kibirizi zaidi ya nusu ya umri wake, na siku hiyo alivaa kanzu yake ya Idi na koti juu, maana alikuwa anakwenda kumwandikisha binti yake. Kijana hakumwamkia. Umri wa mjukuu wake, hakumwamkia! Baba ndiye aliyeanza, "Habari za kazi, mwanangu," akajibiwa, "Weka karatasi hapo."

Akakuta kwenye cheti cha kuzaliwa jina langu lina i mwishoni, kwenye NIDA halina. Hilo ni kosa kweli. Angesema tu niende kwa wakili nikale kiapo kwamba majina yote mawili ni yangu, nisingekuwa na neno. Badala yake akalisoma jina la ukoo, akainua macho akamtazama baba, na kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mabenchi akauliza, "Mzee, hili si jina la ng'ambo? Nyie mlivuka lini?"

Watu wa Kigoma mnajua swali hilo linavyochoma. Tunaulizwa tukiomba pasipoti, tunaulizwa tukiomba kazi, kumbe na tukitaka kuolewa! Sisi ni Wamanyema, asili yetu Kongo, ng'ambo ya ziwa. Wazee wetu walifika Ujiji karne ya 19, wengine kabla mpaka wa nchi haujachorwa. Baba kazaliwa Ujiji, babu kazikwa Ujiji. Baba hakujibu. Aliishika barua ya mtendaji, akaigeuza taratibu ili muhuri umwelekee yule kijana, akaweka kidole chini yake. Kidole kilikuwa kinatetemeka. Baba huyu nimemwona akitoka ziwani usiku wa dhoruba, mtumbwi umejaa maji, mikono imetulia.

Kijana akaisukuma bahasha. Faili halipokelewi mpaka jina lirekebishwe, na siku 21 zitahesabiwa kuanzia hapo. Wakwe walikuwa wameshapanga safari ya treni. Nililia njiani mpaka mtaani Mwanga, baba ananishika mkono kama mtoto.

Haki isemwe. Kesho yake wakili aliniapisha, tukarudi, tukamkuta dirishani mama mmoja mtu mzima. Alisimama, akampa baba shikamoo, akavuta kiti. Alinisomea fomu mstari kwa mstari. Alipofika panapouliza kama ndoa ni ya mke mmoja au inaweza kuwa ya wake wengi, aliweka kalamu chini akamwambia mwenzangu, "Hapa jibu mwenyewe, na yeye akusikie." Akajibu mmoja. Wapo wanaowekewa alama tu pale bila kuulizwa, na ni jambo zito. Kwa mama yule naisifu ofisi ile, na wenye dini mbili kama sisi nawaambia nendeni, njia ipo na ni ya halali.

Ila hapana, nimekuwa mpole mno. Kijana yule bado anakaa pale. Kuna binti atakwenda wiki hii na mzee wake, na mama yule huenda asiwepo. Huduma haiwezi kutegemea umebahatika kumkuta nani dirishani.

Siku ya ndoa mama mkwe alishuka na dumu la asali ya Tabora, nikavaa vizuri, nilifurahi sana, sitadanganya. Baba alikataa kukaa kwenye lile benchi. Alisimama nje chini ya mwarobaini mpaka alipoitwa kuwa shahidi. Akatia sahihi polepole. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitambulisho chake cha NIDA, kadi yake ya kura, na kadi ya TANU ya babu iliyofungwa kwenye nailoni, akazipanga mezani.

"Mzee wangu," mama yule akamwambia, "hizi hatujakuomba."

Baba hakuziondoa.