Siku nzima na gari jekundu Chiang Mai: Doi Suthep, Wat Pha Lat na duka la mawe ambalo sikuliomba

Wadau mnaokuja Thailand kwa biashara ya mawe ya vito, najua ratiba zenu ni Bangkok, Chanthaburi kwenye soko la mawe, Bangkok, airport. Na mimi nilikua hivyohivyo, ila safari hii mzigo uliisha mapema nikabaki na siku tatu mkononi, na shosti wangu wa Mombasa alikua Bangkok kwa mambo yake, tukasema twende Chiang Mai tukapumue hewa ya mlimani maana mtu wa Arusha kama mimi joto la Bangkok linanikaanga.

Hotelini wakatutajia bei ya tour ya nusu siku, nikacheka tu. Tukatoka nje tukakodi songthaew siku nzima kwa baht 1,000, kama elfu 75 za kwetu, tukagawana. Songthaew maana yake safu mbili, ni pikapu nyekundu imewekewa mabenchi mnakaa mnatazamana, waliokaa Dar enzi zile wataelewa nikisema ni chai maharage kabisa, imekosa konda tu. Zipo pia za kuchangia zinazosubiri zijae pale geti la Chang Phuak, ni rahisi zaidi, ila hizo zinakupeleka hekalu kubwa la mlima Doi Suthep na kukurudisha basi, na mimi kilichonifurahisha zaidi kilikua njiani.

Dereva mzee wa makamo, mpole, Kiingereza chake cha kuokoteza kama Kithai changu. Tunaanza kupanda tu, kuna sanamu ya mtawa mmoja anaitwa Kruba Srivichai, mzee akaachia usukani akaunganisha viganja kusalimia, shosti akapiga ukelele "yallah, huyu atatuua!" Kumbe barabara yenyewe ni kazi ya huyo mtawa. Aliita watu mwaka 1934 wakaja kwa maelfu na majembe yao, msaragambo, na 1935 gari likapanda. Kabla ya hapo ilikua ni miguu tu.

Kona zake sasa, aliyepanda Lushoto ashapata picha. Shosti akageuka rangi, dereva akasimama bila kuambiwa, akatoa mfukoni mwa shati kidude kama lipstiki, wanaita ya dom, kina mentoli na kafuri, unakipachika puani unavuta. Dakika mbili mtu kafufuka. Jioni alinunua kumi vya kupeleka nyumbani.

Wat Pha Lat, hekalu la msituni, ndio kituo ambacho wengi wanakipita, jamani msikipite. Kiko katikati ya msitu, kijito kinateleza juu ya mwamba uliolala mteremko, masanamu ya zamani yameota kuvu la kijani, dhahabu hakuna, kelele hakuna, na mji unauona kule chini kupitia miti. Tulikaa kwenye jiwe kama nusu saa tunamsikiliza mtawa mmoja anafagia majani, anafagia, upepo unaangusha mengine, anarudia, wala hana haraka. Kama una miguu kuna njia ya msituni ya kupanda mpaka hapo kutokea mjini, miti imefungwa vitambaa vya rangi ya chungwa usipotee. Sisi miguu hatukua nayo.

Hekalu kubwa lenyewe, Wat Phra That Doi Suthep, ni la mwaka 1383. Wanasimulia kwamba masalia ya Buddha yalifungwa mgongoni mwa tembo mweupe akaachiwa aende atakako, akapanda mlima huu, akapiga kelele mara tatu akafa hapohapo, basi wakajenga pale. Na wewe tembo utamwelewa, maana ngazi ni zaidi ya 300, nyoka wakubwa wamelala kulia na kushoto mpaka juu. Wenye magoti mabovu kuna lifti.

Mimi nilivaa kaptula, kosa langu, magoti yanatakiwa yafunikwe. Shosti akafungua mkoba akatoa leso, yaani kanga, mtu wa pwani hatembei bila leso. Dada wa mlangoni akaipenda, akauliza yale maandishi yanasema nini. Jina lenyewe lilikua la kumrushia mke mwenza. Nikamwambia ni baraka.

Ndani unavua viatu, watu wanazunguka ule mnara wa dhahabu mara tatu na ua la yungiyungi mkononi. Shosti ni Muislamu, akaniambia mie sizunguki kitu, akaenda zake uwanja wa nyuma, nikamkuta kasahau kila kitu anaangalia ndege zinatua, yaani airport iko chini yako, unaiona ndege mgongo.

Kijiji cha Wahmong, kabila la milimani, cha Doi Pui tulipita pia, kahawa nzuri, maua, ila siku hizi ni soko kuliko kijiji.

Sasa kushuka, mzee akakata kona, akasimama kwenye duka la vito. Nadhani madereva wanapewa chochote kwa kila mgeni. Muuzaji kaniletea trei, "tanzanite hii, ya Afrika, adimu sana." Nikaiinua kwenye mwanga. Tanzanite ukiigeuza rangi lazima icheze, bluu huku, zambarau kule. Hii imegoma, geuza unavyotaka, bluu ileile. Nikatoa lensi yangu, ndani vipovu vya hewa vimejaa kama soda. Nikamwambia dada, mimi natokea inakochimbwa, Mererani ni mwendo wa daladala kutoka kwangu. Trei ikarudi kabatini kimyakimya. Nje mzee alicheka mpaka akakohoa, akatulipia maji.

Nyota 4, moja nimeikata kwa hilo duka. Mkikodi, semeni mapema hakuna kupitia dukani, na mwambieni saa ya kurudi. Njooni Novemba mpaka Januari, kuanzia mwisho wa Februari wanachoma mashamba, moshi unafunika mji wote utapanda ngazi zote hizo uone ukungu tu. Na jioni mwambie akushushe karibu na msikiti wa Ban Haw ule khao soi, tambi kwenye mchuzi wa nazi na tambi nyingine za kukaanga juu, halali kabisa. Shosti alikula mbili, yeye aliyekua anatapika asubuhi.