Chipu ya maikrofluidiki kwa kazi ya eksirei: uzoefu wangu Nairobi

Nianze na lililonigharimu: ukinunua chipu hizi, yaani vibamba vidogo vyenye mifereji myembamba ya kupitishia vimiminika, usivutiwe na mifereji. Tazama dirisha, pale eksirei zinapopita.

Ninachunguza seli nyekundu za damu zilizovamiwa na Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria. Kimelea kikila hemoglobini huacha fuwele za hemozoini zenye chuma, na eksirei huzionyesha bila kutia seli rangi yoyote. Eksirei kali za kazi hii hutoka kwenye sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kuzungusha elektroni, na Afrika haina hata moja. Ile iitwayo SESAME iko Jordan, na ombi letu la kutumia mtambo lilipita kwenye sinkrotroni ya Grenoble, Ufaransa. Kwa hivyo hapa Nairobi tunafanya mazoezi kwa darubini, halafu chipu inasafiri. Kule unahesabiwa saa, na chipu ikigoma, saa haziongezwi.

Ya kwanza ilikuwa ya silikoni laini, nene milimita kadhaa. Kwa darubini ilipendeza mno. Kwa eksirei ilikuwa ukuta: mng'ao ambao chuma hutoa kikipigwa na eksirei una nishati ndogo, keV 6.4 tu, na silikoni nene hivyo huumeza karibu wote. Pesa zikaenda.

Ya pili ina madirisha ya Kapton, aina ya plastiki, membamba kuliko unywele. Hii ndiyo. Ina umanjano unaochafua picha ya darubini, nimeuvumilia. Uzuri wake mwingine ni wa mtiririko wenyewe: miale huvunja maji na kuzalisha kemikali zinazoua seli, lakini seli ikipita haraka hupigwa kidogo tu, kisha inakuja mpya.

Sasa mapovu. Mapovu, jamani! Siku mbili nilitoa maji ya chumvi kwenye friji na kuyaingiza moja kwa moja kwenye chipu yenye nyuzi 37. Maji yakipata joto hutoa hewa, povu likakwama konani, seli zikarundikana nyuma yake kama matatu Thika Road saa kumi na moja jioni. Siku hizi nayaacha kwanza yaishiwe na ubaridi wa friji, kisha nayavuta hewa kwa pampu kabla ya kuanza.

Viunganishi vilivyokuja na chipu hiyo havikutoshana na mirija yetu. Nilizunguka River Road mchana kutwa, nikarudi na mrija wa tangi la samaki. Asubuhi ulikuwa umevuja. Muuzaji alijibu barua pepe yangu baada ya wiki mbili, akaniambia nisome maelekezo, ambayo hayakuwemo kwenye kifurushi.

Hata hivyo nimeagiza nyingine tatu za Kapton. Safari hii mirija nimeipima kabla ya kulipa.