Hilux au D-Max: pikapu ipi ya dizeli ya mtumba kwa mtu wa mzigo?

Ukitoka Wundanyi na kabeji saa sita za usiku, unataka pikapu itakayoteremka zile kona hadi Mwatate bila breki kunuka, ishike barabara kuu pale Voi, na ikufikishe soko la Kongowea, Mombasa, kabla wachuuzi hawajamaliza kununua. Njia hiyo ndiyo iliyonifunza haya magari. Wanaoingia kwenye biashara huniuliza swali lile lile: kama pesa yangu ni ya mtumba tu, nichukue Hilux au D-Max?

Nitatoa jibu kwanza. Kwa kazi ya mzigo ya kila siku, nambari moja ni Isuzu D-Max ya lile umbo la pili, la kuanzia 2012 hadi 2019, iwe na injini ya 4JK1 ya lita 2.5 au 4JJ1 ya lita 3.0. Nambari mbili ni Toyota Hilux ya lita 2.5, injini ya 2KD, ya 2005 hadi 2015, ile ambayo wengi huiita Vigo. Nambari tatu, kwa anayeishi mbali na fundi mwenye kompyuta, ni Hilux ya zamani yenye injini ya 5L isiyo na turbo. Vigo ya lita 3.0 nimeiacha nje. Nguvu inazo, lakini injini yake ya 1KD ina sifa mbaya ya pistoni kupasuka nozeli zikianza kumwaga dizeli ovyo, na tengenezo lake linaweza kula faida ya msimu mzima.

Kwanza ujue unanunua gari la namna gani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo Vigo yoyote unayoonyeshwa leo imeshapiga kazi humu humu nchini, na D-Max nyingi vilevile. Imebeba simiti, imebeba mawe, imekunywa dizeli ya kila kituo. Jambo hili la dizeli lina uzito. Kabla ya Septemba 2018, serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kuyachanganya na dizeli kulikuwa na faida kubwa kwa wauzaji wasio waaminifu. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na injini hizi za kisasa zinategemea dizeli hiyo hiyo kulainisha pampu na nozeli. Pikapu iliyofanya kazi miaka ile huenda bado ina majeraha yake ndani.

Sasa kwa nini D-Max mbele? Kubwa kwangu ni cheni. Injini za 4JK1 na 4JJ1 huzungusha kamshafti, ile shafti inayofungua vavu, kwa cheni, wakati 2KD ya Hilux hutumia mkanda. Mkanda hubadilishwa kwa kawaida ifikapo kilomita 150,000, na ukikatika gari likiwa mwendoni, vavu na pistoni hugongana, injini imekwisha. Taa ya kukumbusha mkanda ipo kwenye dashibodi, lakini mtu anaweza kuizima bila kuubadilisha. Katika gari la mtumba, ambalo kilomita zake huenda zimerudishwa nyuma, huwezi kuuamini mkanda usiojua ulifungwa lini. La pili ni mvuto. Ile 4JJ1 hutoa hadi Nm 380, kipimo cha mvuto wa injini, na unauhisi msukumo huo ukipanda kuelekea Wundanyi umepakia mbolea: huhitaji kuikamua hadi ipige kelele. La tatu ni bei. Kwa mwaka na hali ileile, D-Max kwa kawaida huuzwa chini ya Hilux, na tofauti hiyo ndiyo itakayonunua tairi na springi.

D-Max nayo ina ugonjwa wake. Kuna vavu ndogo kwenye pampu ya dizeli inayopima mafuta yanayoingia, mafundi huiita SCV. Ikichoka, gari likiwa limesimama injini ikinguruma, mlio hupanda na kushuka kama mtu anayekanyaga mafuta na kuachilia, na wakati mwingine huzima ukipunguza mwendo. Haitishi. Hubadilishwa bila kufungua injini. Ila usikubali muuzaji akuambie "ni hewa tu".

Ugonjwa wa Hilux hujificha zaidi. Chini ya kila nozeli kuna wosha ya shaba. Ikilegea, moshi wa mwako hupenya, masizi huingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili haipandi tena inavyotakiwa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, turbo na beringi zimeshaumia. Kwa hiyo ukipenda 2KD, muombe muuzaji amruhusu fundi wako afungue sampu alitazame chujio. Ni kazi ya nusu siku. Akikataa kabisa, ondoka.

Lakini kuna wanaofaa kuchukua Hilux, na sisemi hivyo kwa kuogopa mashabiki. Kama unajua utaiuza baada ya miaka miwili, Hilux hupata mnunuzi haraka, hata ikiwa imechakaa. Kama kazi yako ni ya kuzunguka vijijini na mzigo mwepesi, spea zake zinapatikana hadi kwenye maduka madogo. Jihadhari tu: kwa sababu ya umaarufu huo huo, spea feki za Hilux ni nyingi mno. Isuzu nayo haina shida ya vipuri. Ina mtambo wake Nairobi, ule uliokuwa wa General Motors hadi 2017, na magari yake yamejaa nchi nzima.

Hiyo 5L ya nambari tatu ni polepole, mlimani utapitwa na matatu zote. Haina kompyuta ya kusumbua, na fundi wa chini ya mwembe ataitengeneza. Shida ni kuipata iliyo nzima.

Kukagua

Nenda asubuhi, na jambo la kwanza weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika, na injini ya dizeli husema ukweli ikiwa baridi. Rudi kesho. Ikiwashwa, tazama moshi: mweusi kidogo kisha ukakata si tatizo, wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, mweupe usiokoma pamoja na rejeta inayopungua maji ni ugonjwa wa silinda hedi. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Mvuke kidogo ni kawaida, ukisukuma kama sufuria inayochemka pistoni zimechoka.

Kisha lala chini. Usione aibu ya vumbi. Pikapu yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja aina yake, ilikuwa na chesisi iliyopakwa rangi nyeusi ya kung'aa, nami nikafurahi kwamba imetunzwa. Baada ya mwezi mmoja bodi ya nyuma ikaanza kuinama upande. Fundi alipokwangua rangi juu ya ekseli ya nyuma tukakuta ufa uliochomelewa mara mbili, mchomeleo juu ya mchomeleo. Tangu hapo hubeba bisibisi. Nakwangua rangi mpya popote ninapoikuta, na kwa magari ya Pwani nabonyeza chesisi karibu na magurudumu, maana chumvi ya bahari hula chuma kutokea ndani. Hesabu pia majani ya springi kila upande. Pikapu hizi zimeundwa kwa takriban tani moja, kwa hiyo ukiona majani yameongezwa, gari hilo limekuwa likibeba mbili.

Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuta rekodi ya umiliki NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Jina la benki likiwa pamoja na la muuzaji, huenda mkopo bado haujalipwa. Na usiipime gari umri kwa herufi za namba yake, maana iliyosajiliwa hapa 2014 inaweza kuwa iliundwa 2007.

Ukishanunua, usipakie siku hiyo. Badilisha oili, chujio la oili na chujio la dizeli. Kama ni Hilux, badilisha mkanda hata ukiapiwa kwamba ni mpya, na weka wosha mpya za nozeli.