Hela ni ya Premio ila roho inataka spoti: nunua kilo chache, farasi waache

Wakuu, haupiti mwezi bila mdogo wangu au mshkaji wa kazini kuniuliza swali lile lile, bro nina hela ya Premio lakini roho inataka gari ya spoti, nichukue nini? Na ukimsikiliza vizuri unagundua jibu alishajipangia, anataka Subaru ya turbo au Mark X ya injini ya lita 2.5, yani kitu chenye farasi wengi (nguvu ya injini) ili akitaja namba kijiweni watu waitikie. Mi huwa namuuliza swali moja tu, hiyo gari ina kilo ngapi? Hajui. Hakuna anayejua, maana kwenye matangazo hawaandiki.

Sasa tuongee ukweli wa barabara zetu. Kwenye makazi mwisho ni 50 na trafiki na tochi yake amejibanza nyuma ya mwembe anakusubiri wewe. Mark X ya 2.5 ina farasi 215 na inagonga kilo 1,500, ukiwa na 50 hiyo gari imelala usingizi, unaiendesha kama unasindikiza bibi harusi, na siku ukiiamsha ushapita spidi zamani na faini iko kwenye simu. Gari ya kilo 950 haisubiri 120 ndo ianze kunoga. Unaingia kipilefti na gia ya pili, usukani unakuambia tairi za mbele zinafanya nini, unatoka unakanyaga mpaka mwisho unaweka ya tatu, umecheka peke yako na bado hujavunja sheria. Mi naona hii ndo spoti ya mtu wa kawaida, ile unayoila kila siku ukienda kazini, sio ile ya kusubiri lami iwe tupu saa nane usiku.

Na wepesi una hela ndani yake. Tairi ni ndogo kwaiyo ni za bei ya kibinadamu, breki pedi zinakaa, bushi haziteseki, wese linaenda taratibu. Watu wa kodi, TRA, nao ushuru wa bidhaa wanaangalia cc (ukubwa wa injini), chini ya 1,000 hiyo asilimia haikugusi, kuanzia hapo mpaka 2,000 ni 5%, juu ya hapo 10%. Ila umri ndo unauma, gari ikifika miaka 8 mpaka 10 wanaongeza 15% na ikizidi 10 ni 30%, kwaiyo kabla hujamtumia mtu hata shilingi ingia kwenye kikokotoo cha TRA uweke mwaka na modeli uone. Ndugu zetu wa Kenya wao hawana hii hesabu, gari ikizidi miaka 8 haiingii kabisa, kwaiyo nikitaja za zamani hapa chini mtusamehe, nyie ruka.

Orodha yangu ni ya gia za mkono tu. Otomatiki kwenye hizi gari ni kama pilau bila nyama, utashiba lakini.

1. Suzuki Swift Sport

Najua namba moja ulitegemea kitu chenye milango miwili na paa la kufungua. Subiri. Swift Sport naiweka juu kwa sababu ni gari unayoweza kumpelekea mama mkwe akapanda bila kuuliza una matatizo gani. Ina viti vya nyuma, ina buti ya kuweka gunia la mkaa (usiweke mkaa lakini), na matuta yetu inayapita bila kuacha ngozi.

Ziko za aina tatu utakazokutana nazo, kila moja na kodi yake ya modeli. ZC31S ni ya 2005 mpaka 2010, 1.6 isiyo na turbo, farasi 125, gia tano. ZC32S ilianza mwisho wa 2011, injini ile ile ya M16A imeongezwa mpaka farasi 136, gia sita, kilo kama 1,050. Alafu ZC33S ya kuanzia 2017, hii ndo Suzuki walifanya maajabu, wakaweka 1.4 ya turbo yenye farasi 140 lakini gari ikashuka uzito mpaka kilo 970. Kampuni nyingi gari mpya inakuja imenenepa, hawa walipunguza! Mvuto wake ni mkubwa kwenye mzunguko wa chini wa injini, kwaiyo kupita lori mlimani hupanguipangui gia, unakanyaga tu.

Mimi kati ya hizo nachukua ZC32S. Turbo tamu lakini M16A inapenda kupigiwa kelele, inaanza kuimba ukishapita mzunguko wa 4,000 na gia zake ni fupi, unajisikia unafanya kazi. Bei nayo ishashuka kuliko ZC33S. Kwa Nairobi jibu ni ZC33S, hamna mjadala. Angalizo, rimu za 17 zinazokuja na ZC32S zina tairi bapa, 195/45, shimo moja la Mandela Road unanunua rimu. Weka 16 yenye tairi nene kidogo, gari haitakuchukia.

2. Mazda Roadster

Hii ndo yenyewe. Ningekuwa sina watoto wala shemeji ingekuwa namba moja, na hata sasa hivi nikiiona barabarani nageuka mpaka shingo inalia.

Stori yake fupi. Zamani gari ndogo nyepesi za spoti zilikuwa kazi ya Waingereza, MG, Triumph, na Lotus ya Colin Chapman ambaye maisha yake yote alipigania kupunguza kilo. Zilikuwa tamu ila zilivuja oili kama bomba la mtaani na ikinyesha umeme unagoma. Mazda wakachukua wazo lile lile, injini mbele, inasukuma tairi za nyuma, viti viwili, paa la turubai, ila wakaijenga Kijapani, gari inawaka asubuhi kila siku. Ikaonyeshwa Chicago Februari 1989, ilikuwa na kilo 940 na 1.6 ya farasi 120, na mwaka 2016 wakatengeneza ya milioni moja. Viti viwili, milioni moja. Wajapani wenyewe wana msemo wao wanaoutumia kwa hii gari, maana yake farasi na mpanda farasi kuwa mwili mmoja, nilikuwa nauona maneno ya biashara tu mpaka siku mshkaji aliponipa usukani wa NB yake (toleo la pili la hii Roadster) kutoka Mombo kupanda Lushoto.

Ile barabara kama hujapita ni kama kilomita 32 za kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mwingine hewa. Hatukuwa tunakimbia, mabasi yanashuka pale na huna pa kukimbilia. Tulikuwa 40, 50, paa limefunguliwa, harufu ya mikaratusi, nasikia injini inapumua kwenye ukuta wa mwamba na kila kona nikiigusa kidogo tu gari ishageuka, kama imenisikia nikiwaza. Tulivyofika juu nilimwambia jamaa tushuke tupande tena. Akasema wese ni lako. Nikalipa.

Sasa ya kununua. NA (1989 mpaka 1997, ile yenye taa za kufumba macho) imekuwa kitu cha wakusanyaji, bei imepaa, na ukiongeza ile 30% unalia. NB ya 1998 mpaka 2005 bado inashikika. NC ya 2005 mpaka 2015 ina 2.0, ni nzito kidogo, kama kilo 1,100, wapenzi wanaibeza lakini kwa Dar mi naona ndo yenye akili, kwa sababu kuanzia 2006 ilikuwa na aina ya paa gumu linalojikunja kwa umeme. Fikiria jua la hapa, vumbi, na kijana mwenye wembe aliyeona begi lako kupitia turubai. ND ya 2015 ilirudi kwenye kilo 990 kwa ile nyepesi kabisa, 1.5 farasi 131, nzuri kuliko zote ila hela yake ni ya gari ya familia kubwa.

Ubaya upo. Ipo chini, tuta la mtaani lililojengwa na mjumbe bila kipimo utalikwaruza, jifunze kulipita kwa kona. NA na NB zinakula kutu chini ya milango, tundu za kutolea maji ya paa zikiziba maji yanakaa humo humo. Inua zulia, bonyeza bati kwa dole gumba, na muuzaji akikuzuia ondoka.

3. Toyota Vitz RS

Nilianzia hapa mwenyewe, siionei aibu. Injini ni 1.5 inayoitwa 1NZ-FE, farasi kama 110, gia tano, uzito tani moja na chenji kidogo. Kwa nje watu wanaona Vitz ya dada wa benki, na hiyo ni faida, hata trafiki hakuangalii mara mbili. Injini ni ukoo mmoja na IST, Probox na Premio ya 1.5 kwaiyo hakuna fundi Tanzania nzima ambaye hajawahi kuishusha, spea unazipata hata Tunduma. Haina ukali wa Swift Sport na usukani wake ni wa umeme hauongei sana, ila hakuna gari hapa itakayokusumbua kidogo kuliko hii. Shida ni kuipata, RS nyingi ni otomatiki, manual zinatafutwa kwa tochi.

4. Suzuki Alto Works

Usicheke. Kilo 670! Pikipiki mbili kubwa na bati. 660cc ya turbo, farasi 64 tu, gia tano fupi fupi, HA36S ya 2015 mpaka 2021. Na raha yake kwetu ni kwamba injini ya R06A ndo hiyo hiyo ukoo wake umo kwenye Kirikuu (Suzuki Carry) za kuanzia 2013 na Every mpya, kwaiyo una gari ya spoti inayotibiwa na fundi wa Kirikuu. Mjini ni mwisho wa matatizo, inapenya hata pale bajaji inafikiria. Safari ndefu ndo mtihani, mlima Kitonga lori likikupita unahama njia kwa upepo wake. Kuna toleo la AGS ambalo gia zinajibadili zenyewe kwa kusitasita, likimbie.

5. Toyota MR-S

Hapa utamu na uchungu vinakaa nyumba moja. Injini iko katikati, nyuma ya mgongo wako, paa linafunguka, uzito ni kama tani moja tu, na injini yenyewe ni 1ZZ-FE ya 1.8, ile ile ya Allion, Wish na Runx za zamani za 1.8. Yani shepu ya gari ya tajiri, moyo wa gari ya mwalimu. Lakini 1ZZ za mwanzo zina ugonjwa wa kunywa oili kwenye ringi za pistoni, waulize wenye Wish watakusimulia, kwaiyo pima dipstiki na mwambie mtu akanyage mafuta wewe ukiangalia ekzosi, moshi wa bluu rudi nyumbani. SMT (gia isiyo na pedali ya klachi) usiiguse, tafuta manual ya kawaida. Na buti hakuna. Namaanisha hakuna, kuna kijisehemu nyuma ya viti cha kuweka laptopu na ndizi.

Honda S660 na Daihatsu Copen nazipenda kuziangalia. S660 ina kilo 830, injini katikati, gia sita, imeundwa kwa mapenzi kabisa, ila ikiharibika sensa fundi anakuna kichwa na spea inatoka Japani, wewe unapanda daladala mwezi mzima. Kama una gari nyingine ya kwendea kazini, chukua. Kama ndo gari pekee, hapana.

Toyota 86 nimeiacha nje makusudi, mtanitukana najua. Ni gari nzuri sana, farasi 200, lakini inapita kilo 1,200 na hela yake inanunua Swift Sport na chenji ya safari kumi za Lushoto. Ukiing'ang'ania, za 2012 na 2013 uliza kama springi za valvu zilibadilishwa, Subaru, ambao ndo waliiunda injini yake, waliziita zirudi kwa hilo.

Kitu kimoja kwa zote. Hizi gari zilinunuliwa na vijana wa Japani kuchezewa, kwaiyo usiamini kilomita, omba karatasi ya mnada wa Japani yenyewe sio picha ya skrini aliyokukatia dalali. Mimi nililetewa moja inasoma 60,000, klachi pleti imeisha, pedali imesuguliwa mpaka chuma, na usukani unang'aa kama kitasa cha ofisi ya mkuu wa wilaya. Angalia hivyo vitu vitatu kwanza, ndo uangalie rangi.