Bushi za saspensheni kwa gari la kifahari lililozeeka: zipi ununue, zipi uziache

Gari la spoti la kifahari likishapita miaka kumi na tano hivi, huanza kumnong'oneza mwenyewe. Kwanza ni mgoto mmoja mbele unapopita tuta: tok, kisha kimya. Baada ya miezi kadhaa usukani unatetemeka mkononi kila unaposhika breki ukiwa kwenye kasi. Baadaye fundi wa tairi anakuita uone: tairi za mbele zimeliwa upande wa ndani hadi waya zinachungulia, ilhali upande wa nje kashata bado nzima. Hapo wengi hukimbilia shokapu. Shokapu mpya zinafungwa, na ile tok iko pale pale.

Mara nyingi mkosaji ni bushi, kitu ambacho hata hakionekani mpaka ulale chini ya gari. Ni mpira uliogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine. Bomba la nje hukaa kwenye mkono wa saspensheni, ile chuma inayounganisha gurudumu na gari; la ndani hukazwa kwa bolti kwenye fremu. Mkono ukipanda na kushuka, mpira haujikwaruzi popote. Unajinyonga kidogo na kurudi. Ukiwa mzima hushikilia gurudumu kwenye pembe yake na kuzuia kelele za barabara zisiingie ndani. Ukichoka, huachia yote mawili.

Na mpira hauhesabu kilomita peke yake. Joto la injini na breki, ozoni ya hewani, mafuta yanayodondoka kutoka kwenye injini kuukuu, vyote huukausha na kuupasua hata kama gari limelala chini ya turubai. Ndiyo maana nikisoma "limetembea kilomita chache sana" kwenye tangazo la gari la miaka ishirini, situlii mpaka niiname chini yake na tochi.

Hakikisha kwanza kwamba ni bushi

Linki za stabilaiza, ile fito ya chuma inayozuia gari lisilale kwenye kona, nazo hugota vivyo hivyo, na kuzibadilisha ni kazi ndogo, anza nazo. Diski ya breki iliyopinda hutetemesha usukani bila kumhitaji bushi wa kumsaidia, ingawa bushi zilizochoka huufanya mtetemo mdogo uwe mkubwa. Wenye Jaguar XK8, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2006, wana mtihani wao wa peke yake: vikalio vya povu vya juu ya shokapu za mbele husagika vikawa kama unga, na mgoto wake unafanana kabisa na wa bushi ya mkono.

Pandisha gari kwenye stendi imara, ingiza mtaimbo kati ya mkono na fremu, usukume taratibu. Mpira mzima hukubali kidogo kisha hurudi. Uliokatika huuacha mkono utembee. Usidanganywe na matundu yenye kingo laini na umbo moja pande zote: bushi nyingi huzaliwa nayo, ili ziwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Unachotafuta ni ufa wenye kingo zilizochanika, au mpira ulioachana na chuma. Zile bushi zenye majimaji ndani hujisema zenyewe, kwani zikipasuka huacha doa jeusi lenye unyevu kwenye mkono.

Ulaini si ugonjwa

Nitasema jambo ambalo ndilo lililoamua mpangilio wa orodha hii. Watu huiona bushi ya mpira kama mahali ambapo kiwanda kilibana matumizi, wakadhani kitu kigumu zaidi lazima kiwe bora zaidi. Katika magari haya sivyo. Ulaini ule ulipimwa. Porsche 928, iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa na mhimili wa nyuma uitwao Weissach. Dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, kiungo kimoja cha mbele cha mkono husogea kidogo na kuligeuza gurudumu lielekee ndani, badala ya kutoka nje na kulifanya gari lizunguke. Mhandisi alitaka kitu kisogee. Ukikaza kila kitu mpaka hakuna kinachosogea, umeifuta kazi yake.

Mercedes-Benz walifanya ya kwao mwaka 1982 kwa gari dogo la 190: mikono mitano kwa kila gurudumu la nyuma, mpango uliokuja kutumika pia kwenye SL ya R129 (namba za namna hii ni majina ya kiwandani ya vizazi vya gari) mwaka 1989. Mikono mitano inayovutana inahitaji mpira wenye kukubali, la sivyo itagombana yenyewe kwa yenyewe.

Mimi nililijifunza hili kwa mgongo wangu. Niliwahi kuvalisha gari seti nzima ya bushi ngumu, mbele na nyuma, nikijisifu kwamba sitarudi tena chini ya gari hilo. Wiki ya kwanza lilikata kona kama wembe. Wiki ya tatu lilianza kulia kama kitanda cha zamani. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimerudi chini, nazitoa.

Nafasi ya kwanza: mpira wa aliyekitengenezea kiwanda

Kampuni za magari hazitengenezi bushi zenyewe kwa sehemu kubwa. Hununua kwa watengenezaji wa vipuri. Kwa magari mengi ya Ulaya jina la kulitafuta kwanza ni Lemförder, ambalo ni la kampuni ya ZF. Spea yake mara nyingi ndiyo ile ile iliyofungwa gari likiwa jipya, tofauti ikiwa boksi. Ukishika mkono wa aluminiamu wa Lemförder unaweza kukuta sehemu ndogo iliyokwanguliwa: pale ndipo nembo ya kampuni ya gari ilipokuwa.

Boksi lenye nembo ya gari lenyewe halina ubaya wowote, ila mara nyingi unalipia nembo. Lichukue pale tu ambapo bushi haipatikani kwingine, jambo ambalo kwa magari yaliyotengenezwa machache hutokea.

Nunua kwa namba ya chasisi, usinunue kwa jina la gari na mwaka. Mfano mmoja unaweza kubadilishiwa bushi katikati ya uzalishaji, na toleo lenye saspensheni ya spoti huwa na bushi zake, zinazofanana na za kawaida kwa sura tu. Zikifika, tafuta tarehe iliyogongwa kwenye mpira au kwenye pakiti. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na "mpya" ya miaka mingi stoo si mpya sana.

Nafasi ya pili: mkono mzima

Kuna wakati hii inapanda ikawa ya kwanza. Ikiwa mkono una boljointi yake isiyotoka (kile kiungo cha tufe kinachoushika mkono kwenye gurudumu), na boljointi ina umri sawa na bushi, kununua bushi peke yake ni kujipangia kazi hiyo hiyo mara mbili. Mikono ya mbele ya Porsche 911 ya 996 na Boxster ya wakati wake iko hivyo: ni ya aluminiamu, na wengi huibadilisha mizima. Aluminiamu pia haipendi presi, ile mashine ya kusukumia bushi, iliyowekwa upande. Bushi ikiingia imelala, tundu linapanuka na mkono umeisha, ukakuta umenunua bushi na mkono pia.

Angalia jambo moja tu: mkono mzima wenye bei inayokaribia ya bushi peke yake una siri, na siri hiyo iko kwenye mpira na boljointi.

Nafasi ya tatu: mpira ulioimarishwa

Hapa nazungumzia hasa bushi za mpira mtupu zinazochukua nafasi ya zile zenye majimaji. BMW E39, kwa mfano, ilikuwa na bushi za majimaji kwenye mikono ya mbele inayozuia gurudumu lisirudi nyuma. Zikiwa nzima hutuliza gari ajabu. Zikipasuka, usukani hucheza kila ukishika breki. Meyle wana safu yao ya HD yenye mpira mtupu kwa kazi ya namna hii. Utapoteza ulaini kidogo, na mtetemo kidogo utaingia ndani, lakini hakuna majimaji ya kuvuja. Kwa gari la kila siku ni biashara nzuri. Kwa gari la kutoka nalo Jumapili, ambalo ulilinunua kwa sababu ya utulivu wake, rudi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya nne: poliyurethani, mahali pachache

Hii, plastiki ngumu inayonyumbuka, ndiyo inayouzwa kwa kelele nyingi zaidi, kwa hiyo niikalie kidogo. Mpira wa kiwandani mara nyingi huwa kati ya 50 na 70 kwenye kipimo cha ugumu cha Shore A. Poliyurethani ya barabarani mara nyingi huanzia kama 80, na ya mashindano huweza kufika 95. Powerflex wa Uingereza hutofautisha kwa rangi: zambarau kwa barabara, nyeusi kwa wanaoshindana. Kuna pia SuperPro na Whiteline wa Australia.

Faida zake ni za kweli. Mafuta hayaiozeshi upesi kama mpira, na nyingi huingia kwa mkono au kwa jiriwa, bila presi. Lakini hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Haijinyongi, huzunguka juu ya bomba la katikati, kwa hiyo lazima iwe na grisi yake, ile ya silikoni inayokuja kwenye pakiti. Grisi ikikauka, inalia. Na kwa kuwa inazunguka kwa mhimili mmoja, ni mbaya mahali ambapo mkono unapaswa kupinda pande mbili kwa pamoja. Bushi ya mbele ya mkono wa nyuma wa BMW M3 ya E46 iko hivyo: mkono ukipanda, bushi hunyongwa na kukunjwa pia. Ukiweka kitu kigumu pale, nguvu ambayo mpira ungeimeza inaenda kwenye fremu.

Kwa hiyo: iweke kwenye bushi za stabilaiza, ambako tofauti utaihisi na kelele haitakusumbua. Iweke kwenye vile vikalio vya shokapu vya XK8, ambako povu la asili halikudumu. Kwingine fikiri mara mbili, na seti nzima ya gari zima usinunue ila kama gari hilo linaishi kwenye uwanja wa mashindano.

Nafasi ya tano: viungo vya chuma kitupu

Tufe la chuma ndani ya chuma, hakuna ulaini hata chembe. Usukani unakuwa sahihi kama kisu, na kila jiwe utalisikia kwenye meno. Vumbi na maji huvila upesi. Vya mashindano. Tuendelee.

Mwisho: zisizo na jina, na mikono ya gari lililobomolewa

Bushi isiyo na jina inaweza kuonekana nzuri mkononi. Ubaya wake ni gundi inayoushika mpira kwenye chuma, na gundi huioni. Mkono uliotolewa kwenye gari jingine la umri ule ule una bushi za umri ule ule. Umehamisha tu ugonjwa. Jihadhari pia na maboksi bandia ya majina makubwa: maandishi yaliyofifia, uzito pungufu, chuma chenye kingo za hovyo.

Nunua nini kwa pamoja

Bushi ni za jozi, kushoto na kulia. Ukibadilisha upande mmoja gari litavuta, au litakuwa na tabia mbili kwenye kona mbili. Nunua pia bolti na nati mpya pale mwongozo wa gari unaposema ni za kutumika mara moja, na ujiandae kwa bolti zilizoota kutu ndani ya bomba la bushi, maana kwenye gari kuukuu ndizo zinazokula siku. Kazi ya kufungua na kufunga huwa na gharama kubwa kuliko mpira wenyewe, na hapo ndipo bushi ya bei rahisi inapokuwa ghali: utalipa ufundi mara mbili.

Kosa moja la kufunga linaweza kuua hata bushi bora, na hata mafundi wazuri hulifanya. Bushi ya mpira ikikazwa gari likiwa limening'inia, magurudumu chini, mpira unagandishwa kwenye nafasi hiyo. Gari likishushwa, tayari umenyongwa, na kila tuta linaunyonga zaidi. Utachanika mapema mno. Kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi na uandike. Wakati wa kufunga, bolti ziguse tu. Kisha inua mkono kwa jeki mpaka kipimo kile kirudi, au gari likae kwenye magurudumu yake juu ya ngazi za kupandia, ndipo ukaze kwa spana ya torki. Poliyurethani inayozunguka haina sharti hili.

Zile bushi zenye matundu zina mwelekeo: tafuta mshale au alama, au piga picha ya ile ya zamani kabla hujaitoa kwenye presi. Alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, ifanywe mwisho, sehemu zote zikishakazwa. Ukiifanya kabla, fundi anapima mikono ambayo bado haijakaa mahali pake.