Rangi ya kucha au silikoni: upake ipi kulinda bodi ya droni, yaani kibao cha saketi za umeme?
Ukirusha droni Coco Beach, adui si mvua tu. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu inakula shaba ya bodi. Rangi ya kucha, ile angavu isiyotiwa rangi, ni rahisi, Kariakoo imejaa, na asetoni huiondoa ukitaka kulehemu upya. Ila ikikauka huwa ngumu. Mtetemo wa mota unaweza kuipasua. Silikoni maalumu ya bodi hubaki laini, inavumilia mtetemo na joto. Mimi nachagua hiyo. Lakini usichukue ile ya madirisha inayonuka siki: hutoa asidi, nayo inaila shaba ileile unayoilinda! Kwa zote mbili, safisha bodi kwanza kwa spiriti, na usizibe tundu la USB wala kihisi cha mgandamizo wa hewa kinachopima kimo.