Game Boy gani ina kioo cha maana na bado inaongea na wenzake: maoni yangu kuanzia ile ya 1989 mpaka Micro

Niseme mapema ili anayetaka jibu tu asihangaike kusoma yote: kama unatafuta Game Boy (zile mashine za Nintendo za kuchezea gemu mkononi) moja ya kununua sasa hivi, inayoonekana vizuri usiku, na ukichomeka waya wa kuunganisha mashine mbili inacheza na ndugu zake karibu wote hadi ile ya kwanza kabisa, tafuta Game Boy Advance SP yenye namba AGS-101. Nyingine ama zina waya mzuri lakini ukitaka kuona kitu lazima ukakae dirishani, ama kioo chake kinapendeza af ukimkuta mwenzako ana ya kwake hamuwezi kucheza pamoja. Na hiki cha pili ndo kinaniuma kwa sababu watu wengi wakinunua hizi mashine wanalinganisha kioo tu, picha mbili zimewekwa pembeni pembeni, basi wanalipa, hakuna hata mmoja anayeuliza tundu la waya likoje.

Nianze na ile ya 1989, tofali lenyewe. Kioo pikseli (nukta za picha) 160 kwa 144, vivuli vinne tu vya ukijani, na taa hamna kabisa, mwanga wote unatoka chumbani ulipokaa. Lile gurudumu dogo la pembeni kushoto wengi wanadhani ni la kuongeza mwanga, sio, lile ni la kontrasti, ukilizungusha picha inakolea au inafifia ila kama chumba kina giza utazungusha mpaka kidole kichoke. Halafu kitu kikienda mbio kinaacha kivuli nyuma yake, kwenye gemu za kukimbia hilo linasumbua kweli. Lakini nawatetea hapa: washindani wa wakati ule walikuwa na taa na rangi, Atari Lynx ilitoka mwaka huohuo na Game Gear ya Sega ikaja 1990, na zote mbili zilikuwa zinakula betri sita kwa saa chache tu. Nintendo waliweka betri nne, wakaacha taa, mashine ikawa ya kubeba na kukaa nayo muda mrefu. Kwa teknolojia ya mwaka ule mimi naona walichagua sawa.

Na wakaweka tundu la waya, upande wa kulia, lina kifuniko chake. Yaani mashine ya 1989 isiyo na taa lakini mnachomeka waya mnacheza Tetris wawili, kila mtu na kioo chake, ukifuta mistari mingi kwa mpigo mwenzako anasukumiwa takataka kutoka chini, anaanza kupiga kelele. Kwangu mimi hapo ndipo Game Boy ilipo, kioo kinafuata.

1996 ikaja Game Boy Pocket. Kioo kimebadilika kuwa cha kijivu safi, kivuli kimepungua sana, betri mbili tu za AAA. Tatizo tundu la waya limefanywa dogo, waya wa zamani hauingii. Usiogope lakini, kilichobadilika ni umbo tu, mawasiliano ya ndani ni yaleyale, kwa hiyo ukipata adapta, au waya wenye kichwa kikubwa upande mmoja na kidogo upande wa pili, mambo yanaenda. Halafu kuna Game Boy Light ya 1998 iliyouzwa Japani tu, hiyo ndo ya kwanza kuwa na taa, mwanga wa kibluu-kijani unaotoka nyuma ya kioo chote kwa usawa, na waya unatumia uleule wa Pocket. Ni nzuri jamani, sema kuipata ni kazi, na gemu zilizotengenezwa kwa Game Boy Color peke yake hazichezi humo.

Mwaka huohuo 1998 dunia nzima ikapata hiyo Game Boy Color. Kioo chake hakina taa ila juani kinang'aa vizuri mno, kadiri jua linavyowaka ndivyo rangi zinavyotoka, kitu ambacho vioo vingi vya taa vinashindwa. Usiku sasa ndo shughuli. Watu wakawa wananunua zile taa ndogo zenye shingo ya kupinda, na hapa ndo kuna kitu kinanisikitisha mpaka leo: nyingi zilikuwa zinachukua umeme kwenye tundu la waya. Kwa hiyo ukichomeka taa hamna pa kuchomeka mwenzako. Unachagua, uone au ucheze na mtu. Color ilikuja pia na infraredi juu (mwanga usioonekana, kama wa rimoti), mnaelekezeana mashine mnatumiana vitu bila waya, kwenye Pokémon Gold na Silver ndo ilivyokuwa inatumika kutumiana zawadi, na hiyo Nintendo waliitoa kwenye mashine zilizofuata. Ukiicheza Gold kwenye Advance au SP kila kitu kinaenda, waya unaenda, hiyo zawadi ya infraredi ndo haipo.

Sasa Game Boy Advance ya 2001. Nguvu imeongezeka, kioo kikubwa kidogo pikseli 240 kwa 160, betri mbili za AA zinaenda kama saa 15, na taa bado hamna. Hii ya taa hapa siwatetei tena. Gemu zenyewe zilikuwa na picha zilizokolea giza, Castlevania: Circle of the Moon ilitoka na mashine hiihii, ukiicheza humo chumbani jioni huoni ngazi iko wapi na shimo liko wapi, unainamisha mashine huku na huku kutafuta mwanga wa balbu, ukiupata nao unakupiga machoni. Kioo kibaya kuliko vyote kwenye ukoo huu kwa maoni yangu, na kinaudhi zaidi kwa sababu gemu zake ndo nzuri kuliko zote.

Kwenye waya Advance ndo inachanganya watu, kwa hiyo hapa soma taratibu. Kuna waya wa Color na kuna waya wa Advance. Ule wa Advance una kichwa kimoja cha zambarau na kingine cha kijivu, na katikati kuna kiboksi chenye tundu, hapo ndo anachomeka mtu wa tatu na waya wake, wa nne vivyo hivyo, nyaya tatu watu wanne. Mwenye kichwa cha zambarau ndo mchezaji wa kwanza. Waya huu umewekewa kinundu makusudi usiingie kwenye Color. Waya wa Color wenyewe unaingia kwenye Advance bila shida, na watu wanafikiri kwa kuwa umeingia basi utafanya kazi kwa gemu zote, wapi. Kanuni ni moja tu: fuata kaseti (ile ya gemu unayochomeka), usifuate mashine. Kaseti ya zamani, yaani ya Game Boy ya kwanza au Color, waya wa Color. Kaseti ya Advance, waya wa Advance.

Sababu yake ukiijua hutasahau. Ndani ya mdomo wa kaseti kuna swichi ndogo, kaseti ya zamani kwa umbo lake inaibonyeza, ile ya Advance haiigusi. Ikibonyezwa mashine inaacha kabisa kuwa Advance inakuwa Color, hadi umeme wa kaseti unapanda kutoka volti 3.3 kwenda 5, na tundu la waya linaanza kuongea lugha ya zamani. Ndo maana Pokémon Gold, kaseti ya zamani, haiwezi kubadilishana Pokémon na Ruby, kaseti ya Advance, hata kama mashine zote mbili ni SP na waya mnao. Sio ubovu wa mashine wala waya, ni lugha mbili tofauti, na utakuta mtu kanunua waya wa tatu anaulaumu bure.

SP ya kwanza 2003, AGS-001, inakunjwa, ina betri ya kuchaji, na hatimaye taa. Ila taa ya mbele: mwanga unaingia kutoka ukingoni unasambaa juu ya kioo, kwa hiyo usiku unaona kila kitu lakini weusi unakuwa wa kijivu na rangi zinaonekana zimepaukapauka. Inatosha, ukiizima inakwenda saa 18 na ukiiwasha saa 10. Nisilolipenda kwenye SP zote ni kwamba waliondoa tundu la hedifoni, unachomeka kwa adapta palepale pa chaja.

Halafu 2005 wakatoa AGS-101, umbo lilelile, tundu la waya lilelile, ila kioo kipya chenye taa ya nyuma. Aisee. Ile Castlevania niliyoisema juu ukiiweka humu ni kama gemu nyingine, unaona mawe ya ukutani, unaona rangi ya moto. Mwangaza una hatua mbili, na ile ya chini inakaribia SP ya kwanza ikiwa imewashwa. Juani sana inapauka, ukweli usemwe, hapo Color inaishinda. Lakini chukua hii ya 2005, weka kaseti ya Pokémon Red, mpe mwenzako lile tofali la 1989 na Blue ndani yake, waya wa kichwa kikubwa na kidogo katikati, mtabadilishana Pokémon bila shida. Miaka 16 kati ya mashine hizo mbili na zinaelewana! Sijui kifaa gani kingine mfukoni mwa mtu kinaweza hivyo.

Ukienda kuinunua usiamini lebo ya nyuma pekee, magamba ya nje yanabadilishwa na lebo zinabandikwa upya. Washa, bonyeza kile kitufe chenye alama ya jua chini ya kioo: taa ikizimika kabisa hiyo ni 001 hata kama nyuma imeandikwa 101. Ya 101 yenyewe haizimi, inapungua tu na kuongezeka.

Game Boy Micro, 2005 pia, ndo kioo kizuri kuliko vyote, kidogo cha inchi 2, kikali, hatua tano za mwangaza, unashikilia kitufe cha L unabonyeza cha sauti kuongeza au kupunguza. Ningeipenda sana. Lakini haisomi kaseti za zamani, na tundu la waya wamelibadilisha tena, ina waya wake peke yake na ukitaka kucheza na mwenye SP utafute adapta maalumu ambayo siku hizi ni adimu. Nintendo DS, mashine nyingine za mkononi za Nintendo, nazo zinasoma kaseti za Advance, DS Lite ya 2006 ina hatua nne za mwangaza na kioo safi sana, ila tundu la waya hawakuweka kabisa, kwa hiyo Mario Kart: Super Circuit humo utacheza peke yako milele. Kwa mtu wa gemu za peke yake Lite naipendekeza bila wasiwasi. DSi usinunue kwa kazi hii, mdomo wa kaseti za Advance wameutoa.

Na wale wanaobadilisha vioo, wanaweka IPS (aina ya kioo cha kisasa) mpya kwenye Advance au Color, nawaunga mkono, kazi ikifanywa vizuri kioo kinapita hata 101, na kwa kuwa kinachobadilishwa ni kioo tu waya unabaki kama ulivyokuwa. Betri ndo zinaisha haraka zaidi ukiweka mwangaza wa juu. Kuna pia Analogue Pocket ya 2021, ya kampuni nyingine sio Nintendo, kioo pikseli 1600 kwa 1440, yaani mara kumi kamili kila upande ukilinganisha na ile ya 1989, inasoma kaseti za vizazi vyote vitatu (ya kwanza, Color na Advance) na tundu la waya wameliweka. Nimefurahi kuona kuna watu wamekumbuka hilo tundu.

Kwa yoyote utakayochagua, kabla ya kulipa omba uchomeke waya na mashine ya pili na muingie kwenye gemu ya wawili, usiishie kuona menyu imewaka. Utikise waya taratibu pale kwenye tundu, mawasiliano yakikatika huenda pini zina uchafu, mara nyingi spiriti kidogo na pamba ya kijiti vinamaliza. Ikikatika hata baada ya kusafisha, iache, hata kama kioo kinang'aa vipi.